Jina la Aliye Madarakani Si Shukrani

Kuipa mali ya umma jina la kiongozi aliye madarakani kumezoeleka kiasi kwamba anayehoji huonekana mtovu wa shukrani. Hoja inayotolewa kuutetea mtindo huo ni kuwa aliyejenga anastahili kukumbukwa. Hoja hiyo haisimami.

Tatizo linaanzia kwenye hilo neno "aliyejenga". Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis, Dar es Salaam, kikiwa na jina lake mwenyewe. Mama anayeshuka hapo kutoka Singida na tenga lake la kuku amekwisha kulipia kituo hicho kupitia kodi ya sabuni na ya vocha ya simu. Shule mpya za wasichana za mikoa nazo zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, na baadhi yake zina jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Mkopo huo watakuja kuulipa wasichana haohao wanaosoma humo. Kiongozi amesimamia kazi, na kusimamia ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Watetezi hujibu kuwa jina halikutoka kwa kiongozi bali liliombwa na wananchi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Nchini Tanzania mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wote huteuliwa na Rais, na uteuzi huo anaweza kuutengua jioni hiyohiyo. Siku ya uzinduzi jiwe la msingi limefunikwa kitambaa, mgeni rasmi ameketi jukwaa kuu, na mteule wake anashika kipaza sauti kuomba, "kwa niaba ya wananchi", mradi uitwe kwa jina la mgeni huyo. Kisha umati unaulizwa kama umeridhia. Hakuna diwani wala mwalimu atakayenyoosha mkono kukataa mbele ya vyombo vya ulinzi. Makofi ya namna hiyo hayapimi upendo wa mtu yeyote.

Majina ya aina hii pia hayadumu. Katika miaka ya 1970 Ziwa Albert liliitwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Wenye majina walianguka, maziwa yakarudishiwa majina ya zamani, ambayo nayo ni ya watu wa familia ya kifalme ya Uingereza, huku majina ya wavuvi wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo yakibaki nje ya ramani. Jijini Nairobi, uwanja uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987 ulipewa jina la Rais Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu. Wapenzi wa soka huuita Kasarani.

Mfano wa kufuatwa upo karibu. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, ulipewa jina la Benjamin Mkapa Julai 2020, karibu miaka 15 baada ya kuondoka Ikulu. Hakuwa tena na cheo cha kumpa mtu wala adhabu ya kumtisha nayo. Leo mashabiki wa Simba wanajigamba kuwa "kwa Mkapa hatoki mtu", na jina limeingia vinywani bila amri.

Wapo wanaosema mtu apewe maua yake akiwa hai. Ni kweli, na mstaafu yu hai: Mkapa angeweza kupewa uwanja huo kabla ya kifo chake na akakaa jukwaani kutazama mechi. Ufilipino ilikwenda mbali zaidi mwaka 1954, ikapiga marufuku kwa sheria kuita barabara, shule na majengo ya umma kwa majina ya watu walio hai. Tanzania na Kenya hazihitaji ukali huo. Inatosha sheria imzuie kila aliye madarakani, kuanzia Rais hadi diwani, iweke miaka kadhaa ya kusubiri baada ya kuachia cheo, na itake pendekezo libandikwe hadharani ili wakazi waweze kulipinga kwa maandishi. Shule zenye jina la kiongozi ambaye bado anatawala zipewe majina ya vijiji vilivyotoa ardhi.