Mzee Akija Mjini Asikalishwe Tu



Huku mtaa wa Fedha, Embakasi, wako wazee waliotoka katika mashamba ya skimu kuja kukaa na watoto wao. Huko kwao walikuwa wakiamka alfajiri kukama ng'ombe na kupalilia mahindi. Hapa hupewa kiti mbele ya televisheni na kuambiwa, "Baba, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa." Maneno hayo ni ya upendo, lakini yana hasara.

Wengi hudhani kazi ya mwili ni ya misuli tu, na akili ni jambo la vitabu. Sivyo. Ubongo ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walieleza habari za wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, mara 3 kwa juma, mwaka mzima. Wengine walinyosha viungo tu. Kwa waliotembea, sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu iliongezeka kama 2 katika 100. Kwa wenzao ilipungua.

Ubongo nao huusaidia mwili. Mtu ajifunzaye kukama huchoka mikono siku za kwanza. Baada ya majuma machache hukama kwa wepesi, na mikono yake haijanenepa. Ubongo ndio uliojifunza kuiamrisha.

Husemwa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fedha hakuna shamba, lakini ngazi zipo na njia ya sokoni ipo. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima, wazee wakiwamo, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Basi mzee na aende sokoni kwa miguu, na apewe mikebe apande sukuma wiki. Mwenye maradhi ya moyo au magoti amwulize daktari kwanza.

Sisemi kwamba kutembea huzuia kila usahaulifu wa uzeeni. Nasema kiti cha kutwa hakimsaidii mzee. Kwa hiyo ninyi mlio mashambani, watoto wakiwaita, waambieni mapema: "Tutakuja, lakini tutafutieni kazi." Kumheshimu mzazi si kumnyang'anya jembe, ni kumwachia kazi aiwezayo.