Doonholm ilikwenda wapi? Kisa cha eneobunge la Nairobi na kura yako ya mashinani

Msikilizaji, ukitafuta Doonholm katika orodha ya maeneobunge 290 ya Kenya, hutaliona. Lakini mwaka 1963, katika uchaguzi wa kuelekea uhuru, ndilo lililompeleka bungeni mchumi kijana aliyeitwa Mwai Kibaki. Tunalikumbusha leo kwa sababu kisa chake kinagusa kura yako, hata kama hujawahi kuishi Nairobi.

Doonholm lilikuwa Eastlands, upande wa mitaa ya wafanyakazi. Barabara tunayoiita leo Jogoo Road ilikuwa ikiitwa Doonholm Road. Wakaazi walitoka pembe nyingi za nchi kutafuta kazi, kwa hivyo mgombea hakuweza kutegemea watu wa kwao peke yao.

Jina hilo halikudumu. Eneo likaja kuitwa Bahati, kisha Makadara, na mipaka ikachorwa upya zaidi ya mara moja. Kibaki naye hakukaa. Mwaka 1969, akiwa tayari waziri, alikitetea kiti chake dhidi ya Jael Mbogo na akaponea kwa tofauti ndogo iliyozua malalamiko. Mwaka 1974 aliuacha mji akaenda kugombea nyumbani kwao Othaya, Nyeri. Huko alikaa hadi alipostaafu urais mwaka 2013.

Sasa tuviweke viti hivyo viwili kwenye mizani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban 190,000 Makadara. Nyeri Kusini, ambako ndiko Othaya, ilikuwa na takriban 91,000. Kila upande una mbunge mmoja. Kwa hesabu hiyo, mkaazi mmoja wa Othaya ana uzito bungeni sawa na wakaazi wawili wa Makadara.

Katiba ya 2010 inasemaje? Kipengele cha 89 kinataka maeneobunge yakaribiane kwa idadi ya watu. Ukigawanya Wakenya milioni 47.6 wa sensa hiyo kwa 290, unapata wastani wa watu 164,000 hivi. Mijini na maeneo yenye watu wachache sana yanaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 40. Kwingine ni asilimia 30, yaani lisipungue watu 115,000 hivi. Othaya iko chini ya kiwango hicho. Lamu Mashariki ina takriban 22,000 tu, chini hata ya kiwango cha asilimia 40.

Mbona basi bado yapo? Katika mapitio ya kwanza, yaliyokamilika 2012, Katiba ilikataza eneobunge lolote lililokuwepo lifutwe. Nairobi ilitoka viti 8 hadi 17, na Embakasi peke yake ikagawanywa mara tano, lakini madogo yaliachwa. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja.

Mapitio hufanywa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024 bila kazi hiyo kufanywa, kwani tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Deni hilo bado linadaiwa.

Kwa watu wa mashinani, kuunganishwa na jirani si suala la jina. Ni mbunge mmoja kuhudumia eneo kubwa zaidi, na mgao mmoja wa NG-CDF, ule unaolipia basari, badala ya miwili. Kwa mkaazi wa mjini, kuacha mambo yalivyo ni kuendelea kuwa nusu ya mpiga kura. Wote wawili wana hoja.

Katiba haiangalii idadi peke yake. Inataka tume izingatie pia jiografia, njia za mawasiliano, historia na uhusiano wa jamii, na iwashirikishe wananchi. Kwa hivyo kikao kikiitishwa kwenu, nenda. Eleza umbali wa kufika kwa mbunge, mto usiovukika wakati wa mvua, soko mnalotegemea. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali kwenda Mahakama Kuu.

Doonholm lilipopotea, watu wake hawakupotea. Walibaki palepale, wakawekewa mipaka mipya. Ni vyema wewe uwepo yako yakichorwa.