Likizo ya Pwani ya Kusini Isiwe ya Mgeni Peke Yake

Mkazi wa Kikwe, chini ya Mlima Meru, hahitaji kufundishwa maana ya utalii. Kila msimu magari yaliyojaa wageni hupita katika barabara kuu ya Moshi na Arusha, yakielekea mbugani. Wengi wa wageni hao humalizia safari yao ufukweni, wakiota jua na kuogelea. Lakini mwulize mkazi huyo ni lini yeye mwenyewe alipumzika kando ya bahari ya nchi yake. Huenda akacheka, kana kwamba ameulizwa habari za mwezini.

Kicheko hicho kinastahili kuchunguzwa. Kimetokana na kasumba ya tangu ukoloni, kwamba kazi ya mwenye nchi ni kutandika kitanda, na mgeni ndiye wa kukilalia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Hiyo ni haki, wala si hisani ya mwajiri. Hata hivyo, wengi wetu huimaliza tukijenga, tukilima au tukihudhuria misiba na harusi. Hayo ni mema. Lakini mwili nao una madai yake.

Pwani ya kusini ina mengi ya kumlipa msafiri. Kilwa Kisiwani yapo magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu. Mbele zaidi iko Mikindani yenye nyumba zake za kale, na Msimbati yenye mchanga mweupe. Mwanafunzi wa Arumeru akiyaona hayo kwa macho yake, historia haitakuwa tena somo la kukariri.

Safari ni ndefu, hilo halina ubishi. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko cha Rufiji. Lakini mafuriko ya Mei 2024 yaliikata barabara ya Lindi, yakatukumbusha kuwa kazi haijakwisha. Zaidi ya barabara, zinatakiwa nyumba za wageni safi, kwa bei ambayo mwalimu na mkulima wa kahawa wataimudu. Vyama vya akiba navyo viwawezeshe wanachama kuweka fedha ya safari kidogo kidogo.

Hatuna budi pia kuulinda ufukwe wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hoteli ikizungusha ukuta hadi majini, anayenyang'anywa si msafiri wa ndani peke yake, bali pia mvuvi anayeanika dagaa na mama anayechokoa pweza.

Wanaopanga mustakabali wa kusini wasihesabu fedha za kigeni tu. Wahesabu pia Watanzania waliopumzika huko, na wenyeji wa Lindi na Mtwara waliobaki na njia ya kuifikia bahari yao. Mpango usioweza kujibu hesabu hizo mbili haujakamilika.