Mtihani wa Kiingereza Ukufaao



Katika maulizo yatokayo Garsen na vijiji vya mtoni, moja halikomi kurudi: "Nifanye mtihani gani wa Kiingereza?" Waulizao ni makarani, wauguzi, walimu, na wakulima wenye watoto waliomaliza shule. Jibu letu la kwanza huwa ni swali: cheti hicho wataka kumpelekea nani? Maana vyeti hivi havitofautiani kwa utukufu, bali kwa mahali vinapopokelewa. Na mtu aliyekata tiketi ya gari la Lamu hafiki Mombasa kwa tiketi hiyo, hata kama aliilipia zaidi.

Tuanze nyumbani. Atakaye kazi katika serikali ya kaunti huko Hola, au nafasi katika chuo cha hapa Kenya, kwa kawaida hahitaji mtihani wa kigeni hata mmoja. Hutazamwa alama yake ya Kiingereza katika KCSE, mtihani uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Ambaye alama yake ilikuwa hafifu aweza kujiandikisha tena kwa Baraza la Mitihani kuwa mtahiniwa wa binafsi, na ada yake ni ndogo kuliko ya mitihani ya ng'ambo. Twasema haya kwa kuwa wako vijana waliokwisha kushawishiwa na wadalali kulipa makumi ya maelfu ya shilingi, yaani thamani ya mbuzi kadhaa, kwa cheti ambacho hakuna mwajiri wa hapa aliyekidai.

Mambo hubadilika mtu akitaka kuvuka bahari. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na watoto wetu husomeshwa kwacho miaka mingi. Hata hivyo serikali ya Uingereza ina orodha yake ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza, na Kenya haimo. Mtu aweza kuona si haki, nasi hatutambishia. Lakini ombi la viza halijibiwi kwa hoja.

Jambo hili lilitugusa sana mwaka 2021. Kenya na Uingereza zilikuwa zimepatana kwamba wauguzi wetu waende kufanya kazi huko. Baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, alieleza kwamba katika wauguzi 300 waliotahiniwa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Wengi walicheka, wengine wakaona haya. Kwa maoni yetu hapakuwa na la kuchekesha. Wale ni watu waliosoma uuguzi wote kwa Kiingereza na kuandika taarifa za wagonjwa kwacho kila siku. Kujua lugha ni jambo moja, na kuujua mtihani ni jambo la pili.

Basi yafaa muuguzi ajue analoliendea. Baraza la wauguzi la Uingereza hukubali mitihani miwili. Wa kwanza ni IELTS, ulioanza mwaka 1989. Nao una namna mbili: wa kitaaluma, na wa kawaida. Kwa muuguzi ni ule wa kitaaluma peke yake. Akifanya wa kawaida, hata akipata alama za juu kabisa, fedha zake zimepotea. Alama huhesabiwa hadi 9, naye hutakiwa kupata 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Sauti za kusikiliza hupigwa mara moja tu, wala hairudiwi kwa ajili ya aliyekuwa akitafuta kalamu. Maswali 40 ya kusoma hujibiwa kwa dakika 60. Katika kuandika, dakika 60 nyingine, kuna kazi mbili: ya kwanza maneno 150 kuelezea mchoro au jedwali la hesabu, ya pili insha ya maneno 250. Hiyo kazi ya mchoro hutatiza wengi, kwa sababu shuleni hatukuizoea.

Mtihani wa pili ni OET, uliotoka Australia, nao umetungwa kwa watu wa tiba. Humo muuguzi huandika barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenziwe, na huzungumza kama azungumzavyo na mgonjwa kitandani. Ada yake yazidi ya IELTS. Lakini kwa muuguzi aliyekaa miaka kumi wodini, ambaye insha aliiacha shuleni, sisi twaona aghalabu ni afadhali alipe zaidi mara moja kuliko kulipa kidogo mara tatu.

Karani au fundi aombaye kuhamia Kanada kwa kazi, akichagua IELTS, hutakiwa ile ya kawaida, ambayo kazi yake ya kwanza ya kuandika ni barua. Hapo karani wetu yuko nyumbani. Aendaye Uingereza kwa viza ya kazi huangaliwa pia kama mtihani wake ni ule uliokubaliwa na idara ya uhamiaji, kwa maana IELTS ya viza huandikishwa mbali ingawa maswali ni ya namna ile ile. Tena sheria hazikai mahali pamoja: tangu 8 Januari 2026 kiwango cha mwombaji mpya wa viza ya kazi ya ustadi kimepandishwa kutoka B1 hadi B2. Kwa hiyo usifuate alichoambiwa binamu yako mwaka juzi.

Herufi hizo zatoka katika vipimo vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001. A1 ni mtu awezaye kusalimu na kuuliza bei. B1 hujimudu safarini na kueleza shauri lake. B2 hufuata hoja na kuitetea. C2 ndiyo mwisho. Chuo Kikuu cha Cambridge kina mitihani ya kila daraja, na huko mtu huchagua daraja lake, tena aweza kuanguka. Ule wa juu ulianza mwaka 1913 kwa watahiniwa watatu, ukachukua saa 12, na wote watatu wakaanguka. Kabla ya kulipa popote, fanya mojawapo ya majaribio ya bure yaliyo katika intaneti. Si cheti, bali yatakuonyesha kama u karibu au u mbali.

Kwa vyuo vikuu vya Marekani, TOEFL imetumika tangu 1964, na vingi hukubali IELTS pia. Vingine hupokea mtihani wa Duolingo, ufanywao nyumbani kwa kompyuta. Ila umeme au mtandao ukikatika katikati, mtihani huharibika, na watu wa Garsen hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mwandikie chuo barua kwanza. Viko vyuo vya Uingereza vinavyokubali alama nzuri ya Kiingereza ya KCSE bila mtihani mwingine, na kuuliza hakuna ada.

Matokeo ya IELTS na TOEFL hutumika miaka miwili tu, basi usiufanye mtihani kabla hujajua waenda wapi. Vituo viko katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata njia ya Malindi kwenda Mombasa penye daraja la Mbogolo. Aliyekuwa na mtihani asubuhi yake alihitaji kuwa amekwisha kulala mjini. Katika miezi ya mvua, ondoka siku mbili kabla.

Akuahidiye cheti bila kuketi mtihani ni mwizi. Wapokeaji huyahakiki matokeo kwa wenyewe waliotoa, na jina lako litabaki katika vitabu vyao.

Mwisho, tazama pasipoti yako. Jina uliloandikisha mtihani na lile la pasipoti yapasa yafanane herufi kwa herufi. Kwetu mtoto huandikwa Hiribae hospitalini na Hiribaye shuleni, na hakuna ajaliye. Msimamizi wa mtihani atajali, basi sahihisha hilo kabla ya kulipa ada.