Mtoto Apewe Kazi Katika Sherehe Yake

Sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka minne au mitano, kama ifanywavyo siku hizi katika miji yetu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, imekuwa hafla ambayo mwenye hafla aghalabu ndiye mtu asiye na kazi ndani yake. Ukumbi umekodiwa, viti vimevishwa vitambaa na kufungwa tepe mgongoni, mshereheshaji anasema kwa sauti ya kupasua masikio, mpiga picha anawaamuru watu wasimame hapa na wageuke kule, na mtoto, katika suti au gauni linalomkaba shingo, anashikwa mkono ili akate keki, kisha awalishe babu, bibi, shangazi na wajomba mmoja baada ya mwingine, mpaka usingizi umchukue au kilio kimshinde; nao watoto wenziwe walioalikwa wameketi juu ya viti vya watu wazima, miguu ikining'inia, wakingoja soda na biskuti. Siwalaumu wazazi wanaofanya hivyo, maana mapenzi yao ni ya kweli na fedha waliyoitumia imetoka katika jasho lao. Rai yangu ni kwamba mapenzi hayo yamepitia njia isiyomfikia mtoto, ilhali njia inayomfikia iko karibu, ni nafuu, na wazee wetu waliijua: kumpa mtoto kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na watu anaowapenda.

Mtoto wa chekechea huijua dunia kwa viganja kabla ya kuijua kwa maneno. Aweza kuhesabu kwa ulimi kutoka moja hadi ishirini bila ya kukosea, kama kasuku aliyefunzwa salamu, na hata hivyo ukimwambia akuletee komwe nne akakuletea konzi nzima, kwa sababu nne kwake ni sauti tu, bado haijawa vitu vinne. Idadi, uzito, urefu, mbele na nyuma, nusu na robo, ni mambo ambayo hayamkai akilini mpaka yamepita mkononi. Kalamu yenyewe, ambayo wazazi wengi huona fahari kuiona mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu, ina masharti yake ya mwili: kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, ambayo mtoto huzaliwa nayo ikiwa bado ni gegedu laini, nayo hukomaa kidogo kidogo mpaka akaribie miaka 10 au zaidi, basi vidole vinavyofinyanga, vinavyochambua na vinavyosokota vinajitayarisha kwa mwandiko kwa namna ambayo daftari la kunakili herufi halitaweza kamwe.

Wataalamu wa Ulaya waliyatambua haya zamani. Friedrich Froebel, aliyeanzisha nyumba yake ya watoto huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto kwanza mipira ya sufu, kisha maumbo ya mti ya kupanga na kupangua. Na Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo mjini Roma mwaka 1907, aliwaacha wamimine maji, wafagie, wafunge na kufungua vifungo. Lakini hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa pwani ya Kenya walipotaka watoto wao wapate elimu ya awali isiyowatenga na dini yao wala na desturi zao, Aga Khan Foundation ilianzisha Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa ualimu, wakaingia madarasani na simbi, vifuu, mbegu, vizibo na makopo, pamoja na nyimbo na hadithi za Kiswahili, wakayafanya hayo kuwa vifaa vya kufundishia. Hawakungoja shehena kutoka ng'ambo. Nalitaja jambo hili kwa fahari, kwa kuwa limefanyika kwetu, kwa lugha yetu, na kwa vitu ambavyo sisi wengine tulikuwa tukivitupa jaani.

Tuutazame ukuti wa mnazi peke yake. Jani moja likichanwa na kuondolewa chelewa hutoa vipande viwili virefu. Kila kipande hukunjwa katikati, kimoja kikapitishwa ndani ya kingine, ncha zikachomekwa na kukazwa, mpaka pakapatikana mabawa manne yaliyopishana. Kisha chelewa ile ile iliyochomolewa hupenyezwa katikati, na mtoto hukimbia nacho kititia chake akiuelekea upepo. Akikimbilia upande usio wake, kititia hakizunguki, naye husimama, akatazama minazi inalala wapi, akageuka, akakimbia tena. Katika robo saa hiyo amekunja nusu, amehesabu hadi nne, amejua kulia na kushoto, ameujua upepo wa siku ile, uwe wa kaskazi au wa kusi, na zaidi ya yote amejua kwamba jambo lisilokwenda lina sababu na sababu hutafutwa. Ni duka gani litakalomuuzia mzazi kitu kilichokusanya ilimu hiyo yote? Gari la plastiki linalotumia betri, ambalo likibonyezwa huimba na likiisha kuimba hunyamaza, limekwisha kucheza lenyewe. Mtoto amebakishiwa kulitazama.

Kwa wasio na minazi, jiko linatosha. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi ya unga, kijiko cha mafuta, na maji yasiyofika kikombe kimoja yakitiwa kidogo kidogo huku unga unakandwa, hutoa donge laini la kufinyangia, ambalo likihifadhiwa katika chombo chenye kifuniko hukaa siku kadhaa bila ya kuharibika. Bizari ya manjano hulitia rangi ya dhahabu, maji ya choya huleta wekundu, na mchicha uliopondwa na kukamuliwa huleta ukijani. Mtoto akande mwenyewe. Usimwambie afinyange nini. Mwache, na baada ya muda atakuja kukuonyesha paka, au chapati, au herufi ya kwanza ya jina lake aliyoisokota kama nyoka, na hapo ndipo pa kumwuliza maswali na kumsikiliza, kwa sababu maneno anayoyatafuta ili akueleze alichokitengeneza ndiyo darasa lake la lugha. Akumbushwe tu kuwa donge hilo haliliwi, kwa ile chumvi nyingi iliyomo.

Hesabu nazo ziko tele nyumbani. Bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni zito kwa mtoto huyu, walakini ukimchimbia mchangani mashimo manane tu, safu mbili za nne nne, akazigawa komwe mbili mbili kila shimo, amekwisha kuonja kujumlisha na kugawanya. Mpe kibaba na pishi, na kapu la mchanga mkavu, aone mwenyewe kwamba pishi haijai mpaka vimemiminwa vibaba vinne. Fungua naye duka la makopo matupu na vizibo, yeye awe muuzaji nawe uwe mteja mgumu wa kupatana bei. Haya yote hayahitaji hata shilingi moja, na sijapata kumwona mtoto aliyechoka nayo kabla ya mtu mzima.

Sasa turudi kwenye sherehe, maana ndiko hasa ninakotaka tubadilike. Kwa mtoto anayetimiza miaka mitano, wageni sita au saba wa rika lake wanatosha, na muda wa kuanzia saa 10 alasiri hadi karibu na magharibi ni mrefu kwao. Siku chache kabla, mtoto na mzazi wakate karatasi za mialiko, na bamia likatwe katikati, lichovywe katika rangi na kugongwa kama muhuri, maana mkato wa bamia ni ua zuri la pembe tano au zaidi ambalo halikuchorwa na mtu. Na mtoto atakayepeleka mialiko hiyo kwa jirani, kwa mkono wake na kwa salamu, "Shikamoo bibi, mama amesema Juma aje," amejifunza adabu ya ualishi ambayo ujumbe wa simu haumpi. Wageni wakifika, kila mmoja akunje kofia ya gazeti na kuipamba kwa bamia lile lile. Kisha watafute simbi zilizofichwa uani, kila mtoto na kifuu chake, kwa sharti kwamba hakuna atakayekaa kula mpaka kila kifuu kina simbi tano kamili. Aliyeokota saba itambidi ampe mbili yule aliyeokota tatu, na mtu mzima asiingilie ila pakizuka ugomvi, kwa kuwa hesabu hiyo na ukarimu huo ni kitu kimoja, nao watoto huutambua wenyewe.

Baada ya mbio waketi mkekani, na bibi au babu ashike nafasi ya mshereheshaji. Atege kitendawili cha nyumba isiyokuwa na mlango, akiwa amelificha yai ndani ya upande wa kanga, na akipewa mji alitoe, kila mtoto alishike kwa zamu kwa mikono miwili. Nina hakika kuwa utulivu utakaokuwapo mkekani wakati yai lile linapita kutoka kiganja hadi kiganja haujapata kupatikana kwa kipaza sauti. Aongeze ngano fupi yenye kuitikiwa. Chakula kiwe vitumbua, kashata, vipande vya embe na sharubati ya ukwaju. Na ikiwa ipo keki, basi iwe ya nyumbani, nao watoto waipambe wenyewe, hata ikipindapinda. Kila mmoja aondoke na kofia yake na kititia chake. Mzazi atakayeziweka gharama za haya yote kando ya kodi ya ukumbi ataona tofauti, lakini mimi ningeyapendekeza hata kama gharama zingekuwa sawa.

Tahadhari chache ni wajibu. Komwe, gololi na simbi ndogo zisiachwe mbele ya mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ambaye kila akiokotacho hukitia kinywani, na zihesabiwe kabla na baada ya mchezo. Puto lililopasuka liokotwe mara moja, kwani kipande chake kikivutwa na pumzi huziba koo. Na chelewa zikatwe ncha.

Wako watakaouliza wakati utatoka wapi. Mama anaondoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi baada ya isha, baba yuko juu ya bodaboda mchana kutwa. Je, ni nani wa kukunja makuti? Hoja hii ni ya haki, na simdharau anayeitoa. Walakini kazi nyingi za nyumba zina mchezo ndani yake, iwapo mtoto ataitwa badala ya kufukuzwa: achambue maharage na kutenga mawe, apange nyanya kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, ashike pindo mbili za kanga huku mama ameshika mbili, wakunje nusu, kisha robo. Kina baba nawasihi zaidi, kwa kuwa wengi wetu tumelikabidhi jambo hili kwa wanawake kana kwamba mtoto hana mzazi wa pili, na hali robo saa ya baba anayechonga pia au kuunda tiara pamoja na mwanawe ni hidaya ambayo mtoto huyo haisahau.

Shule nazo zina sehemu yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na Kenya imeweka miaka miwili kabla ya darasa la kwanza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unautambua mchezo kuwa haki. Lakini mwalimu wa vidudu anapimwa na wazazi kwa idadi ya kurasa zilizojazwa, naye, kwa kuhofia kuambiwa kwamba watoto wanacheza tu, huwakalisha chini kunakili herufi. Kisha mwaka ukiisha hufanywa mahafali: watoto wa miaka mitano huvikwa majoho na kofia za chuo kikuu, huitwa jina mmoja mmoja, hupigwa picha, na kurudishwa kitini.

Nawaomba walimu wakuu na kamati za wazazi waijaribu namna nyingine. Mahali pa jukwaa patandikwe mikeka, na watoto wawe ndio walimu wa siku hiyo: mkeka mmoja wawafundishe wazazi wao kukunja kititia, wa pili kupima kwa kibaba na pishi, wa tatu kufinyanga herufi za majina yao, wa nne bao la mashimo manane, wa tano vitendawili. Mzazi akae chini, afundishwe na mwanawe, na akikosea asahihishwe. Fedha iliyokuwa ya kukodi majoho inunue unga, chumvi na rangi za darasa litakaloingia Januari.