Hekalu na Kikombe cha Plastiki

Tumezoea kusikia mimbarini kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Neno hilo la Paulo kwa Wakorintho tumelielekeza kwa mlevi, kwa mvuta sigara na kwa mzinzi, na hatukukosea. Lakini baada ya baraka tunatoka nje, tunapanga foleni na kupokea uji wa moto katika kikombe cha plastiki laini kinachojikunja mkononi. Hapo hakuna anayekumbuka hekalu.

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Hukatika vipande, navyo vipande hukatika tena, hadi zinabaki chembe ambazo jicho halizioni. Tunazila, tunazinywa, tunazivuta kwa pumzi. Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walipima damu ya watu 22 wakazikuta kwa 17. Kabla ya hapo watafiti wa Italia walikuwa wamezikuta katika kondo la nyuma, mahali mtoto anapolishwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za wagonjwa wa Italia waliopasuliwa ili kuondolewa mafuta yaliyoganda katika mishipa ya shingo. Wale ambao mafuta yao yalikutwa na plastiki walikuwa na hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo zaidi ya mara nne ya wenzao, katika muda wa karibu miaka mitatu.

Tuseme kweli, maana uongo kwa ajili ya jambo jema bado ni uongo. Utafiti huo haujathibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyowadhuru. Huenda walitofautiana na wenzao kwa jambo jingine. Kwa hiyo yule ndugu anayezunguka baada ya ibada akiuza dawa ya kusafisha sumu mwilini anauza asichokijua. Nasi tumemwachia uwanja kwa kunyamaza kwetu.

Wapo wanaosema tusubiri sayansi imalize kazi yake. Wasome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba aliagizwa azungushie dari ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria haikungoja maiti uani. Wengine, wenye sauti kubwa zaidi, hushika Marko 16 na ahadi ya kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Ahadi hiyo walipewa waliotumwa kuhubiri Injili, si kamati ya chakula inayokwepa kuosha vyombo.

Watoto wachanga hawana hata la kuchagua. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha kwamba chupa za kunyonyeshea za polipropilini zinaweza kutoa hadi chembe milioni 16 kwa lita moja, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo zinavyozidi. Mama ntilie anayefunika wali wa moto kwa plastiki hana habari hiyo, wala hatumlaumu. Anazuia mvuke usitoke. Wa kulaumiwa ni sisi tunaosoma. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, Juni 1, 2019, tulitii, tukabaki na sahani, vijiko na vikombe vya kutupa katika kila harusi na kila msiba.

Tunachodai ni kidogo mno. Sharika nyingi zina vikombe vya bati vilivyofungiwa stoo tangu vilipoanza kuonekana vya kishamba. Vitolewe. Maji yachemshwe, yawekwe mtungini, na vijana wa kwaya waoshe kwa zamu. Mzee anayeshika ufunguo atasema vitaibiwa. Viandikwe jina la kanisa kwa rangi, na vikipotea viwili kwa mwaka, tutachanga.