Ngitili za Shinyanga Zahitaji Mipaka ya Maandishi Mbele ya Dhahabu

WAKATI uchimbaji mdogo wa dhahabu ukiendelea kupanuka Kahama, Bukombe na Mbogwe, uoto wa asili uliorejeshwa kwa jasho la wananchi wa maeneo hayo unahitaji ulinzi ulio imara kuliko mazoea.

Misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa wingi enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba, kuni na wingi wa mifugo vikamalizia iliyosalia. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzoni msukumo ulikuwa kwenye kupanda miche, lakini mafanikio makubwa yalitokana na ngitili, utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kufunga malisho wakati wa masika na kuyafungua kiangazi, majani yanapokwisha kwingineko. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe.

Tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN ya mwaka 2005 ilibaini hekta zaidi ya 300,000 za ngitili, aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Fisi nao walirejea, jambo ambalo mfugaji aliyepoteza mbuzi hawezi kulishangilia. Hata hivyo, faida za kuni, dawa, asali na malisho zilionekana kuzidi hasara hiyo.

Takwimu hizo ni za Shinyanga ya zamani. Mwaka 2012 Bukombe na Mbogwe zilihamia Mkoa mpya wa Geita, ambako maduara ya dhahabu hukingwa kwa magogo, yaitwayo matimba, yanayokatwa misituni. Mgunga uliolindwa miaka ishirini huishia shimoni kwa siku moja.

Ngitili nyingi zililindwa kwa kanuni za kimila, zikisimamiwa na sungusungu na mkutano wa dagashida. Kanuni hizo humfunga mwanakijiji, si mgeni aliyefuata dhahabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 zinaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi ya kuidhinisha mpango unaotenga maeneo hayo. Kijiji ambacho hakijafanya hivyo kinapaswa kuiweka ngitili katika ajenda ya mkutano wake ujao, kabla mwombaji wa leseni ya uchimbaji hajafika.